Kona ya Moja Kwenye Daftari la Shemeji

Jumanne, 6 Agosti

Siku tano kabla ya mbio. Jino limeniamsha tena. Gego la chini, upande wa kulia. Nimemwambia mke wangu ni upepo. Akauliza upepo gani unaingia mdomoni mwa mtu aliyelala kakaza meno namna ile, kisha akaenda zake jikoni kuchemsha maji.

Mimi ni dereva wa mbio za magari. Si wa kujifurahisha. Wa kazi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakula kwa usukani. Milangoni mwa gari langu pameandikwa KIMONDO kwa rangi nyekundu, na ndivyo watu wanavyoniita, hata karani wa posta. Naandika haya kwa sababu hayana pa kukaa ila kichwani, na kichwani kumejaa.

Leo imefika barua ya kamati ya mashindano. Inamhusu shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Ameomba kazi ya kufundisha wasoma ramani wapya. Msoma ramani ndiye anayekaa pembeni ya dereva, daftari mapajani, akimsomea kila kona kabla hajaiona. Kona zina namba. Sita unapita bila kuinua mguu. Moja, ukipita kwa kasi, hupiti. Shemeji alinisomea kona miaka kumi na sita. Mwaka jana tulipinduka. Yeye alivunjika nyonga, mimi nilichubuka kiwiko. Sasa anatembea kwa fimbo na leseni yake imefungiwa, kwa sababu taarifa ya ajali ilisema alisoma vibaya.

Kamati haiwezi kumpa darasa mtu aliyesoma vibaya, isipokuwa dereva wake alete maelezo ya maandishi kuhusu siku ile na kuyasoma mwenyewe mbele yao. Jumatatu, saa nne asubuhi.

Dereva wake ni mimi. Taarifa ya ajali pia niliandika mimi.

Mke wangu ameisoma barua akasema ni jambo dogo, niandike ukweli tu. Nikasema bila shaka. Nimeiweka chini ya kisahani cha sukari, mahali ambapo haionekani sana.

Jumatano, 7 Agosti

Karakana. Fundi wetu alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Shemeji amekaa juu ya tairi lake la siku zote, fimbo katikati ya magoti. Huja kila Jumatano. Hana kazi yoyote pale. Anapenda harufu, anasema.

Msoma ramani wangu wa sasa ni mpwa wangu, binti wa dada yangu. Mtulivu. Ana mwandiko wa karani wa mahakama. Shemeji ndiye aliyemfundisha, na yeye humwita Mwalimu. Leo binti amesema mbio za Jumapili zinapita barabara ile ile ya mwaka jana, na angependa kuliona daftari la zamani la Mwalimu alinganishe. Shemeji akajibu limo kwenye sanduku la bati kule nyuma, halijafunguliwa tangu ajali.

Nikasema nalileta mimi, wao wapumzike. Fundi akatoa kichwa chini ya gari kunitazama. Miaka kumi na moja hajawahi kuniona nikibeba kitu.

Nikafungua sanduku. Daftari lina vumbi la siku ile bado. Kona ya tangi la maji, ukurasa wa kumi na tisa. Mwandiko wa Shemeji: 1. Imepigiwa mistari miwili chini.

Na mimi niliiambia kamati kwamba alinisomea nne.

Nilikuwa na kalamu mfukoni. Moja kuwa nne ni kazi ya mikwaruzo miwili. Niliifanya nikiwa nimechuchumaa nyuma ya matairi, mkono hautetemeki hata kidogo. Ilitoka safi. Niliporudi nikamkabidhi binti daftari, akanishukuru kwa mikono miwili, nami nikajiona mtu wa maana.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba Shemeji huandika kwa penseli. Miaka yote kumi na sita, penseli. Kalamu yangu ni ya wino wa bluu.

Na nani hupigia nne mistari miwili?

Jumatatu yenyewe haina maana mbele ya Ijumaa. Kesho kutwa tunakagua barabara, na binti ataliona.

Alhamisi, 8 Agosti

Lazima nieleze habari za Daktari wa Meno. Ni daktari wa meno kweli. Siku za kazi anang'oa meno, Jumapili ananishinda mimi. Mara tatu mfululizo. Mimi ambaye sina kazi nyingine duniani. Ana glavu nyeupe za kuendeshea, na baada ya mbio huwa hana hata jasho. Tangu mwezi jana ni mjumbe wa kamati pia.

Mpango: kwenda kliniki kwake kama mgonjwa. Kwanza, jino litibiwe. Pili, nimlainishe kuhusu Jumatatu. Tatu, nichungulie atatumia tairi gani Jumapili.

Sikufikiria kwamba kwa daktari wa meno anayezungumza ni daktari. Alinilaza, akanijaza pamba, akaanza. Gego limepasuka, alisema. Na magego mengine yote yamelika kama jiwe la kunolea. Akaniuliza nimekuwa nikikaza meno tangu lini, yapata mwaka? Nikasema aa. Usingizini au kwenye usukani? Aa. Akasema kwa upole kwamba amewahi kuwatibu madereva wawili wenye meno ya namna hii, na wote wawili walikuwa na kitu wasichotaka kukisema.

Nikasema aa kwa ukali kadiri pamba ilivyoruhusu.

Alipokuwa akinawa mikono aliuliza hali ya Shemeji. Aliuliza vizuri, kama mtu anayejali. Ndicho kilichoniudhi. Mlangoni kuna kikapu cha miswaki ya bure, mmoja kwa kila mgonjwa. Nikachukua miwili.

Matairi sikuyaona.

Jioni nimeandika barua ya kupeleka kamatini mara tatu. Ya kwanza ilisema ukweli, nikaichana. Ya pili ilisema sikumbuki. Mke wangu alipita nyuma yangu na nguo alizoanua, akasema ajabu, maana kila mgeni akija nakumbuka hadi rangi ya jiwe tulilogonga. Nikaichana pia. Ya tatu ndiyo. Inasema Shemeji alisoma sawasawa, lakini spika za kwenye helmeti zilikatakata, nami nikasikia nne. Shemeji anasafishwa. Mimi nabaki msafi. Hakuna mtu anayelaumiwa. Spika hazina mke, hazina dada, wala haziitwi kamatini.

Nimeisoma mara mbili na kuridhika. Jino limetulia kidogo.

Ijumaa, 9 Agosti

Ukaguzi wa barabara. Sheria ni hii: kila timu inapita mara mbili kwa gari la kawaida, polepole. Dereva anataja namba, msoma ramani anaandika. Basi. Jumapili anakusomea yale yale uliyosema wewe mwenyewe.

Sikuwa nimelifikiria hilo vizuri.

Tumefika kona ya tangi. Ukingoni bado kuna alama tulipolimia udongo, na vipande vya kioo vinavyong'aa kwenye majani. Binti ameinua penseli anangoja. Daftari la zamani liko wazi pembeni, na nne yangu ya bluu imekaa pale juu ya mistari yake miwili. Nikisema moja, nimejikana. Nikasema nne.

Akaitazama kona. Ni kona ambayo mwenye baiskeli angeshuka akokote.

"Nne, Mjomba?"

"Nne."

Akaandika. Tukazunguka, tukapita mara ya pili. Nikasema nne tena, kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu. Wakati huo mguu wangu ulikuwa umeshakanyaga breki wenyewe na gari linatambaa. Amenitazama mguu. Kisha akapitisha kidole juu ya ile namba ya daftari la zamani, akakitazama kidole, akakipangusa kwenye suruali. Nikamweleza kwamba Mwalimu wake zamani alikuwa akiandika kwa chochote kilichokuwa karibu. Akasema sawa, Mjomba.

Sasa hesabu ni hii. Jumapili, kona ile, binti wa dada yangu atanisomea nne kwa sababu nimesema nne. Nikiifuata, tunapinduka. Nisipoifuata, nimekiri. Nimejaribu kufikiria njia ya tatu tangu saa nane. Dada yangu amepiga simu kuuliza kama mwanawe anakula vizuri.

Jumamosi, 10 Agosti

Magari yamekaguliwa uwanjani. Letu limepita. Fundi alisimama kando na kofia yake mkononi kama mzazi siku ya matokeo. Waya zote amezifunga kwa kamba nyeupe, fundo moja moja. Mkaguzi alimsifu. Fundi aliona haya, akasema hata mwaka jana zilikuwa hivyo.

Nilikwenda kwa Shemeji mchana. Mpango: kumfanya aseme mwenyewe kwamba hakumbuki, ili barua yangu ipate mwenzake. Nilimkuta barazani. Akaniletea kiti yeye, na fimbo yake, kabla sijawahi kukifuata mwenyewe.

Sikupata nafasi ya mpango. Alianza yeye. Alisema nyumba imekuwa kimya sana. Alisema akienda dukani bado anajisomea kona njiani, midomo inajiendea. Kutoka mlangoni hadi dukani ni tano, mbili, tatu, sita. Akasema zamani. Siku hizi, kwa fimbo, zote ni moja. Akacheka. Akasema akipewa lile darasa hatataka kitu kingine, atakaa mbele ya vijana awafundishe kusoma mapema na kwa sauti ya kutosha, kwa sababu dereva akishaisikia namba, kazi ya msomaji imekwisha.

Akanitazama aliposema hivyo. Bila ubaya wowote.

Nilisikia. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Siku ile palikuwa na jua na vumbi, mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne. Alisema moja. Alirudia moja. Spika zilikuwa nzima, sauti yake ilikuwa kama yuko ndani ya sikio langu. Lakini Daktari wa Meno alikuwa mbele yangu kwa sekunde tisa, nami nikasema moyoni barabara hii naijua kuliko daftari. Kisha hospitali, akiwa bado hajazinduka, nikaandika nne. Alipozinduka wakamuuliza. Akamtazama dada yake, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akimpepea, akasema hakumbuki.

Naona aibu hadi miguuni.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilichosema ni kwamba chai yake ilikuwa nzuri.

Jumapili, 11 Agosti

Mbio. Nimekaza meno tangu mstari wa kuanzia.

Binti alisoma vizuri. Tano kulia, tatu kushoto, sita ndefu. Sauti yake ni ndogo lakini haitetemeki. Nilikuwa nimeamua: nikifika kona ya tangi nitafunga breki nisingizie jiwe barabarani. Jiwe lilikuwa tayari mdomoni. Likaonekana tangi. Gari linakwenda kama lina deni na upepo. Nikasikia spikani, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Moja. Moja, Mjomba."

Mara mbili. Vile vile alivyosema yule mwingine.

Nikakanyaga. Gari likalalamika, likageuka, tukapita ile alama ya udongo taratibu kama watu wanaotoka msibani. Tukaendelea. Tumemaliza wa sita. Daktari wa Meno ameshinda, glavu nyeupe na vyote.

Baadaye, gari limezimwa, nikamwomba daftari lake. Ukurasa umeandikwa nne, kama nilivyosema. Nikamuuliza moja aliitoa wapi. Akajibu akifungua mkanda. Ijumaa, baada ya mimi kwenda nyumbani, alirudi kule kwa miguu pamoja na Mwalimu. Mwalimu amemfundisha hivyo: kuandika ni kwa dereva, kusoma ni kwa barabara. Nikauliza Shemeji alifikaje pale juu na ile nyonga. Akasema walipumzika mara nyingi.

Nikauliza, kwa kuwa ilikuwa lazima niulize, kama Mwalimu aliliona daftari la zamani.

"Ameliona, Mjomba. Alisema ule mwandiko anaujua."

Akashuka, akaenda kunywa maji. Nilibaki na helmeti kichwani muda mrefu. Ina faida zake, helmeti.

Nimeandika barua mpya pale pale, juu ya boneti. Mistari minne tu. *Shemeji yangu alisoma moja. Alisoma mapema na mara mbili. Nilisikia. Sikupunguza mwendo, na taarifa niliyoandika ilikuwa ya uongo.* Nikatia sahihi. Nyumbani nikampa mke wangu. Akaisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Akatoa shati langu jeupe akalipiga pasi, kola mara tatu.

Barua imo mfuko wa kulia wa koti. Ile ya spika imo mfuko wa kushoto. Kesho nitaitupa. Sijasikia wepesi huu mwaka mzima. Hata jino limenyamaza.

Jumatatu, 12 Agosti

Chumba cha kamati. Feni moja, jagi la maji, meza yenye kitambaa cha kijani. Wajumbe watano. Daktari wa Meno wa pili kutoka kulia. Nyuma yangu, kwenye benchi: Shemeji na shati lililofungwa vifungo vyote, mke wangu, binti. Shemeji alikuwa amenyoa ndevu hata akajikata.

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akaniita nisimame nisome. Nikasimama. Mkono mfuko wa kulia. Karatasi niliishika kabisa. Naapa niliishika.

Ndipo Daktari wa Meno akainama mbele kidogo, akanitazama kwa huruma, na kwa sauti ile ile ya kliniki akasema:

"Taratibu tu, Kimondo. Haitauma sana."

Mbele ya watu. Mshindi wa jana. Mtu mwenye kliniki.

Mkono ukahama. Sijui ulihamaje. Nikasikia sauti yangu inasoma habari za spika. Niliisoma vizuri pia, nikisimama penye nukta. Nilipofika kwenye sehemu inayosema Shemeji alitimiza wajibu wake kikamilifu, sauti ilinikatika kwa kweli, na mjumbe mmoja akafuta macho.

Wakashauriana dakika tano. Leseni imefunguliwa. Darasa amepewa, anaanza Septemba. Amesafishwa. Ndicho tulichotaka, sivyo? Amekipata.

Shemeji akaja akanishika mkono. Hakuuachia upesi. Akasema asante, shemeji, akanitazama mpaka nikalazimika kuinama nikague kamba za viatu. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje. Binti alinirudishia helmeti imefutwa vizuri, akaniambia kwa heshima zote kwamba msimu huu uliobaki ataomba kumsomea Daktari wa Meno. Nikauliza kwa nini yeye. Akasema yule akiambiwa moja, hupunguza.

Wakati tunatoka mwenyekiti aliniuliza kitu kimoja tu. Spika zile nani alizifunga? Nikasema fundi wetu, lakini hana kosa, hakuna mwenye kosa. Akasema ndiyo, ndiyo, akaandika.

Jumanne, 13 Agosti

Jino limerudi. Upande wa kushoto sasa.

Fundi amekuja saa mbili asubuhi, kofia mkononi. Ameitwa kamatini Alhamisi kueleza kuhusu spika. Mpaka siku hiyo karakana imefungwa kwa karatasi na gundi mlangoni. Alikataa kukaa. Alisema miaka kumi na moja hajawahi kuacha waya mmoja umelegea, na zile spika alizijaribu mwenyewe asubuhi ya ajali, mara mbili, akimwimbia Shemeji kutoka upande wa pili wa uwanja. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama naweza kumsemea neno, maana mimi wananisikiliza. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, mimi nipo.

Mke wangu amekwenda kwa kaka yake na kanga mbili na mswaki. Mmoja wa ile miwili. Ameacha chai kwenye chupa.

Nimekaa mezani tangu fundi aondoke. Namwandikia barua nzito ya kumtetea, na safari hii nimefikiria kwa makini asidhurike mtu yeyote. Fundi ni hodari. Spika zilikuwa nzima, nimeliandika hilo waziwazi, bila woga. Ilikuwa mvua. Mvua kubwa sana ilikuwa ikipiga juu ya bati la gari siku ile, na hakuna binadamu ambaye angesikia kitu.